Kinyozi Hajinyoi: Faida ya Kusahihisha Maandishi ya Wenzetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo litakalowafaa wanaosoma bila kuwachosha waliokwisha kusoma. Nimechagua jambo la kuandika. Lakini sitalizungumzia kwa jumla, maana walimu wenu hawajaacha kuwaeleza. Nitazungumzia njia moja tu ya kujifunza kuandika, nayo ni kuyasoma na kuyasahihisha maandishi ya watu wengine. Maoni yangu ni kwamba katika kazi hiyo anayesahihisha hufaidika zaidi kuliko anayesahihishwa. Baada ya kueleza sababu zangu nitatoa pendekezo kwa chama hiki.

Kwa nini mwandishi haoni kosa lake

Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Wakasema pia kwamba nyani haoni kundule. Methali hii ya pili hutumiwa kumsuta mwenye kiburi, lakini katika kuandika hata mnyenyekevu hapone. Mtu akiisoma kazi yake mwenyewe haisomi karatasi peke yake. Huisoma pamoja na yale yaliyomo kichwani mwake. Neno likipungua, hulijaza bila kujua. Sentensi ikiwa na maana mbili, yeye huiona ile moja aliyoikusudia.

Chukueni sentensi hii: "Mwalimu alimwambia Juma kwamba amefukuzwa." Ni nani aliyefukuzwa, mwalimu au Juma? Aliyeiandika anajua, kwa sababu alikuwapo au kwa sababu kisa ni chake. Msomaji hajui. Lugha yetu ina kiambishi kimoja "a" kwa mwalimu, kwa Juma, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na mwandishi asipoangalia, humwacha msomaji njia panda.

Lakini mpeni mtu mwingine sentensi hiyo hiyo aisome. Huyu hana kisa kichwani. Ana karatasi tu. Atakwama papo hapo na kuuliza. Basi jicho la kuona makosa hulipati kwa kuyatazama maandishi yako. Hulipati mpaka umeyatazama ya wenzako mara nyingi, na likisha kuwa kali, unarudi nalo nyumbani.

Mfano wa ofisini

Kazi yangu ni ya majalada. Kwa wale wasioijua, barua inayotoka serikalini haiandikwi na mtu mmoja. Afisa mdogo huandaa rasimu, jalada likapanda kwa mkubwa wake, naye akairekebisha au akairudisha na maelezo pembeni, na pengine likapanda tena ngazi mbili au tatu kabla barua haijatiwa sahihi. Kwa hiyo afisa wa umri wangu hutumia saa nyingi zaidi kusoma rasimu za vijana kuliko kuandika za kwake.

Mara nyingi rasimu inayoletwa huwa ya namna hii: "Ofisi imepokea malalamiko ya wananchi kuhusu kisima, na suala hilo linaendelea kushughulikiwa kwa kuzingatia taratibu zilizopo." Hakuna kosa la sarufi hapo. Herufi kubwa ziko mahali pake na mkato uko mahali pake. Lakini mama mwenye ndoo kichwani akisomewa barua hiyo hatapata hata tone la habari. Kijana akiniletea barua ya aina hiyo humwandikia pembeni maswali matatu: Nani? Lini? Na wao wafanye nini kwa sasa? Huenda ikarudi hivi: "Fundi wa maji wa wilaya atafika kijijini Jumanne ijayo kukagua pampu. Mpaka itakapotengenezwa, tunaomba mchemshe maji ya mto kabla ya kuyanywa." Barua ya pili ni bora kwa sababu aliyeiandika amelazimika kwenda kwanza kumwuliza fundi atakwenda lini. Mara nyingi uandishi mbovu huficha kazi ambayo haijafanywa.

Sasa angalieni faida ya yule anayeuliza. Maswali hayo matatu, mtu akiisha kuyaandika pembeni mwa rasimu za watu wengine miaka kadhaa, hayamwachi. Akishika kalamu mwenyewe, humjia kabla hajamaliza sentensi. Kijana aliyesahihishwa amepata barua moja iliyonyooka. Aliyesahihisha amepata kipimo atakachokitumia maisha yake yote. Anayesahihishwa anaweza kuitii alama ya wino mwekundu bila kuielewa, anayesahihisha hawezi. Akisema "hapa pabaya" hajasema kitu. Ni lazima aseme kwa nini ni pabaya, na katika kuitafuta hiyo "kwa nini" ndiko kujifunza kuliko.

Mambo haya si mageni

Huenda mtu akafikiri kwamba hii ni desturi ya maofisini tu. Sivyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi. Malenga wa sehemu mbalimbali walisomana humo bila kuonana kwa macho. Ushairi wetu wa kujibizana ni shule kubwa katika jambo hili. Anayetaka kumjibu mwenzake humsoma ubeti kwa ubeti, akapima mizani, akakagua vina, akaitafuta hoja iliyolegea, ndipo akatunga jibu kwa bahari ile ile. Kabla ya kuwa mtunzi, amekuwa msahihishaji.

Kadhalika, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki ilipewa, pamoja na kazi nyingine, kazi ya kukagua Kiswahili cha vitabu kabla ya kupigwa chapa. Shaaban Robert, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya forodha, alikuja kuwa mjumbe wa kamati hiyo. Mtunzi mkubwa kama yeye hakuona ni hasara kukaa katika kikao cha kupima maneno.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Chinua Achebe wa Nigeria. Wengi wetu tumekisoma kitabu chake cha kwanza, Things Fall Apart, kilichotoka mwaka 1958, ama kwa Kiingereza ama kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mswada wake ulikuwa mrefu kuliko kitabu tunachokijua, ukisimulia habari za zaidi ya kizazi kimoja. Alipokuwa London kwa mafunzo ya utangazaji alimwonyesha mwandishi mmoja wa huko, Gilbert Phelps, naye akaupenda. Aliporudi kwao Achebe aliufanyia kazi tena, akabakisha habari ya Okonkwo peke yake, na ile ya mjukuu ikawa kitabu kingine, No Longer at Ease, mwaka 1960.

Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo akijulikana kama James Ngugi, alimpa Achebe mswada wake ausome. Achebe aliusoma, akaupendekeza kwa wachapaji wake, na mwaka 1964 ukatoka kitabu cha Weep Not, Child. Tangu mwaka ule wa 1962 hadi 1972 Achebe alikuwa mhariri mshauri wa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, akisoma miswada ya wenzake bila malipo. Kisha, mwaka 1974, alitoa chapa mpya ya kitabu chake mwenyewe, Arrow of God, kilichokuwa kimetoka miaka kumi kabla, safari hii akiwa amekirekebisha. Sisemi kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa miaka kumi na miswada ya wengine alikirudia kitabu chake, kitabu kilichokwisha kusifiwa, akaona pa kurekebisha.

Hesabu ya madaftari

Sasa turudi hapa shuleni. Mwalimu wa lugha mwenye mikondo minne, kila mkondo wanafunzi 45, ana madaftari 180. Akitoa dakika 10 tu kwa kila insha, zoezi moja litamchukua saa 30, na vipindi vya kufundisha havijahesabiwa. Msimlaumu basi akitoa insha chache kwa muhula, au akiweka alama chini ya ukurasa bila maelezo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huweza kufika Kidato cha Nne akiwa ameandika mara chache, amesomwa na mtu mmoja tu, na hajapata hata siku moja kuisoma insha ya mwenzake kwa makini.

Jambo hili lina madhara makubwa kuliko alama za mtihani. Katika kazi ya serikali nimeona maombi ya haki kabisa yakikaa miezi kwa sababu msomaji hakuelewa yanaomba nini. Mwenye shamba ameandika kurasa nne juu ya ukoo wake, na mpaka wa shamba akautaja kwa mstari mmoja. Aghalabu maombi hayo huandikwa na kijana wa kijijini aliyepata kusoma sekondari. Kijiji humtegemea yeye. Kalamu yake ikiwa butu, wanaoumia ni wengine.

Pendekezo

Napendekeza kwamba chama chetu kianzishe kikundi cha kusomeana, wanafunzi na sisi wa zamani pamoja. Wanafunzi hawana simu shuleni, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini mwalimu mlezi anaweza kuzipiga picha kurasa zao na kuzituma, na mwenzetu aliyeko Mwanza au Dodoma akazipata kabla chai yake haijapoa. Nasi tuwapelekee maandishi yetu: barua, taarifa, hata wasifu wa marehemu ulioandaliwa kusomwa msibani. Kanuni ziwe chache:

1. Mtu asilete kazi yake kabla hajasoma kazi mbili za wenzake.

2. Msomaji aanze kwa kueleza, kwa sentensi moja, kazi hiyo inasema nini. Akishindwa, hilo peke yake ni sahihisho tosha.

3. Aonyeshe mahali alipokwama na aeleze sababu. Asiandike upya. Mwenye kazi ndiye atakayetengeneza.

4. Mwenye kazi asikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea. Kitabu chake hakitatembea na yeye kumweleza kila msomaji alichokusudia.

5. Maandishi yazungumzwe, mtu asizungumzwe.

Juu ya kanuni ya tatu nataka kuongeza neno. Wako wasahihishaji ambao kila kazi wanayoipitia hugeuka kuwa yao. Kijana wa Pwani ameandika kwa maneno ya Pwani, wao wanayafuta na kuweka ya ofisini. Huko si kusahihisha. Ulizeni kwanza kama neno linaeleweka na kama linafanya kazi yake. Likiwa hivyo, liacheni, hata kama ninyi msingelitumia.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kipofu hawezi kumwongoza kipofu: mwanafunzi wa Kidato cha Pili atamsahihisha vipi mwenzake, seuze mtu mzima? Jibu langu ni kwamba hatumwombi atoe hukumu. Tunamwomba aseme ukweli wa alipopotea njia. Katika hilo msomaji yeyote ni shahidi wa kutosha, na pengine mtoto ni shahidi bora kuliko sisi tuliokwisha kuzoea lugha ya majalada. Pingamizi ya pili ni haya. Mtu mwenye cheo huona vibaya taarifa yake kukosolewa na mwanafunzi. Kwa huyo sina dawa, ila nitamkumbusha kwamba sisi sote humu tulikaa kwenye madawati hayo hayo, na hakuna aliyezaliwa na cheo.

Nami nimekwisha kumkabidhi mwalimu mlezi kazi ya kwanza, yaani mazungumzo haya kama yalivyoandikwa. Vijana, yasomeni, na mwisho wa mwezi nileteeni sentensi moja ya kueleza nilichosema, na mahali mlipokwama. Mkifanya hivyo mtakuwa mmenisaidia, lakini mtakuwa mmejisaidia zaidi.