Betri Inapokataa Hesabu

Elektroniki humwingia mwanafunzi pale kipimo kinapokataa kukubaliana na hesabu, na kipimo hakipatikani bila kushika vifaa. Chukua betri nne za tochi, kila moja volti 1.5. Ukizipanga mfululizo unapata volti 6. Taa nyekundu ya LED huchukua takriban volti 2, kwa hiyo 4 zilizobaki ziishie kwenye rezista. Kwa mkondo wa miliampea 20, kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inadai omu 200. Dukani utapewa ya omu 220, yenye mistari miwili myekundu, mmoja wa kahawia na mmoja wa dhahabu. Huo wa dhahabu unakuonya kwamba thamani halisi yaweza kuwa popote kati ya omu 209 na 231.

Sasa tumia betri zilizochakaa. Zipime zikiwa peke yake, na mita yaweza kuonyesha volti 5 na ushei. Unganisha balbu ya tochi, ile ya uzi, uitazame mita tena: namba inashuka papo hapo, na ukiitoa balbu inapanda. Ndani ya betri mna ukinzani unaoongezeka kadiri inavyochakaa, na mkondo unapopita, sehemu ya volti hupotelea humo humo. Maelezo hayo hukaririwa kwa dakika moja. Lakini aliyeiona namba ikishuka ndiye atakayejua kwa nini redio yenye betri kuukuu husema vizuri kwa sauti ya chini, ukiongeza inakoroma.

Wapo wanaosema shule hazina fedha za maabara. Ni kweli kwa mitambo mikubwa, ila jaribio hili linataka betri, balbu, nyaya na mita ya bei nafuu. Wengine huuliza hesabu ni za nini, ikiwa mafundi wengi mitaani wanatengeneza bila hizo. Fundi ana ujuzi wa kuheshimiwa, lakini anayebadilisha kipuri kimoja kimoja mpaka redio iseme anabahatisha, tena kwa pesa ya mteja. Hoja nzito kuliko zote ni hatari: umeme wa ukutani, volti 230, unaua, na kapasita za runinga hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ndiyo sababu tunaanza na betri. Jaribu leo, na kabla hujaigusa mita, andika kwanza namba unayoitarajia.