Anayeunga Mkono Vita Anadaiwa Nini?



Vita vikitajwa, iwe kijiweni, iwe kwenye makundi ya simu, haikosi mtu wa kusema: kama unavitaka, nenda wewe kapigane. Aliyekuwa akishangilia hunyamaza, na mazungumzo huishia hapo. Naamini ndani ya kauli hiyo mna dai la haki kabisa, ila limeelekezwa pasipo pake, na kwa kuwa limeelekezwa pasipo pake wadaiwa halisi wanapona.

Tumtazame mtu aliyelipa alichodaiwa. Rudyard Kipling, mwandishi wa Uingereza, alivishabikia Vita Kuu vya Kwanza tangu vilipoanza mwaka 1914. Yeye mwenyewe umri ulikuwa umempita. Mwanawe John alitaka kuandikishwa akakataliwa kwa sababu ya macho mabovu. Baba akatumia urafiki wake na wakubwa wa jeshi, kijana akapata nafasi ya uofisa katika kikosi cha Irish Guards, na Septemba 1915 akauawa huko Loos, Ufaransa, akiwa na miaka 18. Wazazi wake waliingia kaburini bila kujua mwili wake ulilala wapi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sitaki kuupima uchungu wa Kipling. Lakini kifo cha John kilithibitisha jambo moja tu, kwamba baba hakuwa mnafiki. Hakikuthibitisha kwamba vita vile vilikuwa vya haki. Mtu anaweza kutoa damu yake mwenyewe kwa ajili ya jambo baya, na tangu zamani watu wengi wamefanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Habari ya Kipling haikuishia Ufaransa. Katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam, imesimama Sanamu ya Askari, mtu wa shaba mwenye bunduki, singe imeelekezwa bandarini. Iliwekwa mwaka 1927, na maandishi yake yalitungwa na Kipling huyohuyo. Yanawataja askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ukisimama pale, magari yakikuzunguka pande zote, soma maandishi hayo hadi mwisho, halafu tafuta jina la mpagazi hata mmoja. Hutaliona.

Vita vile vilipopiganwa Afrika Mashariki, wapagazi hao walikuwa wengi kuliko askari. Mbung'o walikuwa wakiua farasi na ng'ombe wa mizigo, kwa hiyo risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande vikabebwa vichwani na mabegani. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha watu wanaokaribia milioni moja, wengi wao wakikamatwa vijijini kupitia kwa machifu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ilipofika Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba waliokufa wa Afrika na Asia hawakuenziwa sawa na wenzao wa Ulaya, na kwamba wengi wao hawakuandikwa majina popote. Vita vile viliungwa mkono London na Berlin. Waliovibeba hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Wanaoamua na wanaobebeshwa walitengwa na ukuta, na ukuta huo haubomoki kwa kumwambia mshangiliaji mmoja mmoja aende mstari wa mbele.

Hebu tuichukue kauli ya "nenda wewe" kama kanuni, tuone inatufikisha wapi. Bibi wa miaka 70 hana ruhusa ya kusema nchi ijilinde. Mwenye ulemavu naye hana, wala mama mwenye mimba. Sauti inabaki kwa wenye misuli na kwa wanajeshi, ambao kupigana ndiyo kazi yao. Nchi ya namna hiyo tumewahi kupakana nayo. Uganda ya Idi Amin, tangu mapinduzi ya Januari 1971, ilikuwa nchi ambamo wenye bunduki ndio waliokuwa na kauli, na jeshi lake ndilo lililovuka mpaka wetu Oktoba 1978, likateka Missenyi, likapora ng'ombe na kiwanda cha sukari, likalipua daraja la Kyaka. Utayari wa kupigana haukuwapa hekima.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa. Kila mmoja wetu anazijua nguzo tatu za hotuba ile: sababu, nia na uwezo. Mimi nadhani kulikuwa na nguzo ya nne, haikutamkwa ila ilitendwa, nayo ni mgawo wa mzigo. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 lilivuka 100,000 katika miezi michache, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa mgambo, wakulima na wafanyakazi waliotoka majumbani kwao. Malori ya raia na ya makampuni yalichukuliwa yakabebe askari. Wanakijiji walichanga ng'ombe na nafaka. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, Mwalimu akawaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikaisha, mkanda ukabaki umekazwa, na bei ya mafuta duniani nayo ikatugandamiza. Aliyeshangilia vita Dar es Salaam alikuja kusimama foleni ya sukari na sabuni duka la kaya, miaka ikaenda. Simaanishi kwamba foleni ni sawa na kaburi pale Kaboya, walikozikwa askari wetu wa vita vile. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na Mtanzania aliyeweza kuviunga mkono vita vile kisha akaendelea na maisha yake kana kwamba vinapiganwa na watu wengine.

Mgawo huo haukuanza siku ile. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), iliyowataka watumikie miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalisema heri enzi za mkoloni. Mwalimu aliwafukuza zaidi ya 300, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ile ilikuwa kali mno, nami kama mwalimu siwezi kuitetea yote. Lakini msingi wake nautetea mbele yenu: sheria inayoweza kumwita mtoto wa mkulima lazima iweze kumwita na mtoto wa waziri, na wa profesa pia.

Kubeba sehemu ya mzigo ndilo deni la kwanza. Kuna deni la pili, nalo linasahaulika zaidi. Anayeunga mkono vita anadaiwa kutaka kujua. Kenya ilipeleka jeshi Somalia Oktoba 2011, na wengi waliunga mkono kwa sababu zenye uzito, kwani watu walikuwa wakitekwa hadi Lamu. Januari 2016 kambi ya jeshi hilo huko El Adde ikavamiwa, askari wengi wakauawa. Miaka ilipita bila serikali kutangaza hesabu kamili ya waliokufa. Familia zilizika, taifa halikuhesabu. Aliyeunga mkono operesheni ile ndiye aliyepaswa kupiga kelele kuliko wote, kwa sababu ilifanyika kwa kibali chake.

Na anayepinga vita asidhani hadaiwi. Mwaka 1978 walikuwapo wapatanishi wa Afrika waliotushauri tuvumilie na tusuluhishwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu: subira ile ingelipwa na watu wa Kagera waliokuwa wamekimbia mashamba yao, si na wajumbe waliolala hotelini. Anayeshauri subira naye aseme itagharimiwa na nani.

Katiba yetu, ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, kisha inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kufikiria kama litaunga mkono tangazo hilo. Sheria ya kuwaita vijana nayo imewahi kuyumba: mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Siku zile 14 za ibara ya 44 zikitufika, nami naomba Mungu azikawize, kila mbunge anayesimama kuunga mkono aulizwe mambo matatu ndani ya ukumbi, na majibu yaandikwe kwenye Hansard. Wanao wako chini ya sheria ileile inayowaita wengine? Idadi ya watakaokufa itatangazwa na nani, na lini? Pensheni ya mjane imetengewa kiasi gani katika bajeti ya mwaka huu?