Kiharusi na Ubongo wa Panya

Wasikilizaji, kila litajwapo jina la kiharusi fikira zetu aghalabu huelekea kwenye mkono uliopooza na ulimi uliokuwa mzito, ilhali hujuma yenyewe hutokea ndani ya fuvu, katika zile kemikali ambazo kwazo seli za neva hupelekeana habari.

Mwaka 1984 wataalamu wa Copenhagen, nchini Denmark, walipenyeza mrija mwembamba mno katika ubongo wa panya, kisha wakaizuia damu isiufikie, kama itukiavyo mara nyingi katika kiharusi, kwa muda wa dakika 10 tu, nao wakaikuta glutamati, mojawapo ya kemikali hizo, iliyo nje ya seli imezidi kiasi cha mara nane. Sababu yake ni dhahiri: kuirudisha glutamati ndani ya seli kwahitaji nguvu, na nguvu hiyo, damu ikatikapo, hukoma, basi aliyekuwa mjumbe mwaminifu hugeuka sumu, akaifungua milango ya seli jirani, kalisi ikaingia kwa wingi, na seli zikafa.

Walakini insafu yatulazimu kusema kwamba dawa za kuiziba milango hiyo, zilizowahifadhi wanyama maabarani, zilipojaribiwa kwa wanadamu katika miaka ya 1990, selfoteli ikiwa mojawapo, hazikufaulu. Sababu mojawapo ni kwamba panya hutibiwa mara moja, pengine hata kabla ya madhara. Binadamu hufikishwa hospitali saa nyingi zimekwisha pita. Kwa hiyo, msikilizaji, umwonapo mtu uso umempinda ghafla na maneno yamemvurugika, usingoje kupambazuke: mpeleke hospitali saa ile ile.