MAZUNGUMZO YA KIKUNDI CHA FULANA MBELE YA MKUTANO WA WANACHAMA



Tumesimama hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni kukiri kosa. La pili ni kufundisha kazi ya kupamba fulana, ili kosa lile lisirudiwe na mtu mwingine.

Mnakumbuka wakati wa masika kwaya ya jirani ilituagiza fulana 12 za Pasaka. Ushirika ulitukopesha fedha za rangi. Tukazipamba, zikapendeza, wakazilipia. Zilipofuliwa mara ya kwanza tu, nakshi ikabaki kwenye beseni! Jamani, tuliona aibu. Tulichukua isale tukaenda kuomba radhi, kama wazee walivyotufundisha. Walitupokea. Lakini isale hairudishi rangi kwenye fulana. Tumezirudia zote 12 bila malipo.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Siyo rangi. Tulilipua kazi. Masika hewa ya huku mlimani ina unyevu, kitu hakikauki upesi. Sisi tulizipiga pasi haraka haraka, rangi ikiwa bado mbichi ndani, tukazifunga, tukazipeleka.

Kwa hiyo basi, kazi ifanywe hivi.

Kwanza, kitambaa. Chagua pamba. Ukinunua mtumba Memorial au Kiboriloni na huna uhakika, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Nailoni huyeyuka ikafanya kidonge kigumu. Hiyo pasi ya moto itaiharibu. Fulana mpya ifuliwe kwanza bila kutia wanga, maana ile dawa ya kiwandani huzuia rangi kushika.

Pili, stensili. Hebu angalieni gunia la kahawa. Yale maandishi hupigwa kwa rangi kupitia bati lililotobolewa herufi. Stensili yetu ni hiyo hiyo, ila sisi tunatumia picha ya zamani ya eksirei. Iloweke kwenye dawa ya kuondoa madoa mpaka weusi utoke, uioshe, uichoree, uikate kwa wembe mpya. Angalia jambo moja: ukikata herufi O yote mzunguko, katikati itadondoka. Acha viungo viwili vya kushikilia. Anayeanza akate jani la isale. Ni refu, halina tundu katikati, halisumbui. Kibo na Mawenzi baadaye.

Tatu, kupaka. Tia boksi ndani ya fulana, la sivyo rangi itapenya mpaka mgongoni. Bandika stensili kwa gamtepu isicheze. Rangi iwe ya kitambaa na iwe nzito. Ukiongeza maji itatambaa chini ya stensili. Rangi ya mlango msiijaribu, hukakamaa ikapasuka. Chovya kipande cha sponji la godoro, kifute kwanza kwenye gazeti, kisha gonga-gonga kutoka pembeni kuja katikati. Usisugue. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Inua stensili wima, uifute kabla ya fulana ya pili.

Nne, hapa ndipo tulipoanguka. Kausha siku nzima kivulini penye upepo; wakati wa masika siku mbili. Usiamini macho, gusa kwa kidole na upande wa ndani pia. Halafu geuza fulana ndani nje, weka kitambaa safi juu, upige pasi ya moto bila maji, dakika 5 kila sehemu, huku ukiisogeza isiunguze. Kwa pasi ya mkaa, kung'uta jivu kwanza. Moto ndio unaoifunga rangi kwenye nyuzi. Pasi ikiwa vuguvugu, umejidanganya. Kisha acha siku 3 kabla ya kufua, na ufue kwa maji baridi, ikiwa imegeuzwa.

Ndugu wanachama, tumejiwekea sheria. Katika kila agizo tutatengeneza fulana moja zaidi, iwe ya majaribio. Hiyo tutaifua mara 3 kwa sabuni ya mche. Nakshi ikitoka, hakuna hata fulana moja itakayotoka nyumbani. Mteja akiuliza, ataonyeshwa ile iliyofuliwa, siyo mpya.

Mkopo wa rangi hatujaumaliza, kwa kuwa faida ilikwenda kwenye fulana za kurudia. Tunaomba mtuvumilie mpaka mavuno ya kahawa. Atakayetaka kujifunza aje Jumamosi mchana na fulana yake moja na wembe. Stensili tunazo, mkaa tutachangia.

Jina la ushirika ni kama ile nakshi: lisiposhikwa kwa moto, hutoka kwa maji.