Askari wa Majini na Redio ya Mfukoni

(Maneno ya Katibu wa tawi mbele ya wanachama katika darasa la jioni)



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja aliniuliza swali hapa hapa. Mdogo wake ametoka jeshini, alikokuwa fundi wa redio, na sasa anataka kufungua karakana ya kutengeneza simu na kuandika vijana wawili watatu. Ndugu yetu akauliza: je, jambo hilo lahusu chama? Nilimjibu haraka haraka kwamba hapana, hiyo ni biashara yake. Baadaye nikaona jibu langu halikuwa zuri. Basi leo nataka kuwaeleza habari za askari mmoja wa Japani aliyeanza kwa njia kama hiyo, ili tupate kulijibu swali vizuri zaidi.

Jina lake aliitwa Akio Morita. Alizaliwa mwaka 1921 mjini Nagoya, mwana wa kwanza katika ukoo uliotengeneza pombe ya mchele kwa vizazi vingi. Alisoma elimu ya fizikia, akaingia jeshi la majini akiwa afisa, na kazi yake ilikuwa kuchunguza silaha mpya. Huko alikutana na Masaru Ibuka, mhandisi raia, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1945 Japani ikashindwa vita, na sehemu kubwa ya mji wa Tokyo ilikuwa majivu.

Ibuka na mafundi wachache walijibanza ndani ya duka kubwa la Shirokiya, lililokuwa limeharibika kwa mabomu, wakitengeneza redio za watu. Gazeti la Asahi likaandika habari zao. Morita akaisoma, akamwandikia rafiki yake barua. Yeye wakati huo alikuwa amepata kazi ya kufundisha chuoni, lakini amri ikatoka kwamba waliokuwa maofisa wa jeshi wasifundishe tena. Basi mlango mmoja ukafungwa, akaingia kwa mwingine. Tarehe 7 Mei 1946 wakaandikisha kampuni yao, mtaji yeni 190,000, watu kama 20.

Nataka mjue kwamba hawakuwa na kitu cha maana cha kuuza. Walijaribu chungu cha mbao cha kupikia wali kwa umeme: mara wali ukatoka mbichi, mara ukatoka kama uji. Wakashona mito yenye nyaya za joto, wakaiuza kwa jina jingine, si la kampuni. Halafu wakatengeneza kinasa sauti. Utepe wenyewe waliutengeneza kwa karatasi, na unga wa kupaka juu yake waliukaanga kwenye kikaango kama mtu anavyokaanga njugu, kisha wakaupaka kwa brashi, kwa mkono. Mashine hiyo ilipotoka mwaka 1950 bei yake ilikuwa yeni 160,000, fedha ambazo mfanya kazi wa kawaida hakuzipata kwa mwaka mzima. Mahakama ndizo zilizowaokoa, maana makarani wa kuandika maneno ya kesi walikuwa haba.

Mwaka 1953 wakakubaliana na kampuni ya Kimarekani kulipa dola 25,000 ili wapewe ruhusa ya kutengeneza transista. Serikali yao ikasitasita kutoa fedha za kigeni kwa kampuni ndogo namna ile. Redio ya kwanza ya transista ikatoka kwao mwaka 1955, na mwaka 1957 ikatoka ile iliyoitwa ya mfukoni. Haikuingia mfukoni! Ilizidi kidogo. Basi wakawashonea wauzaji wao mashati yenye mifuko mikubwa. (Hapa watu walicheka.) Mwaka 1958 kampuni ikabadili jina ikawa Sony. Na redio za namna hiyo, za betri, zisizohitaji waya wa umeme, ndizo zilizofika mpaka vijijini kwetu.

Sasa niulize: ni nani aliyezitengeneza? Habari hizi husimuliwa kama kwamba Morita na Ibuka walifanya yote wawili peke yao. Walikuwako wasichana waliotoka mashambani baada ya shule, wakalala katika mabweni ya kiwanda, wakaunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele huku wakitazama kwa hadubini siku nzima. Majina yao hatuyajui.

Mei 1961 kampuni ilitimiza miaka 15. Sherehe ikapangwa, na Waziri Mkuu akaalikwa. Chama cha wafanya kazi kilikuwa kinadai kwamba kila mfanya kazi awe mwanachama, na Morita amekataa, akisema kila mtu ana uhuru wake. Chama kikachagua siku ya sherehe kuwa siku ya mgomo. Wagomaji wakalizunguka jengo la kampuni wakingojea wageni. Wageni hawakuonekana. Walikuwa wameelekezwa hotelini kwa siri, na sherehe ikafanywa huko. Morita mwenyewe aliisimulia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1986, na ukikisoma utaona kwamba furaha ya siku ile ilikuwa haijamtoka. Baadaye kikaundwa chama cha pili, na wafanya kazi wakagawanyika.

Mimi nasema wenzetu wale walikosea kuweka nguvu zao zote katika dai la kulazimisha watu. Lakini tazameni pia yule askari. Alijua kukwepa maadui waliomvizia, na hao maadui walikuwa watu wake mwenyewe.

Ndugu aliyeniuliza, nakujibu sasa. Jambo hilo latuhusu. Mdogo wako akiwa jeshini hakuwa na chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na kugoma, lakini kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwa watu wa majeshi. Kwa hiyo huenda hajapata kukaa mezani akabishana na mkubwa wake juu ya mshahara. Amezoea amri itoke juu ishuke. Kesho yeye ndiye tajiri, na kijana anayeshika kile chuma cha kulehemu ana haki ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Sheria ya 2007 inasema mwajiri hukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama. Kwa vijana wawili watatu hesabu hiyo ni rahisi! Lakini kabla ya hapo ayaandike masharti ya kazi kwenye karatasi, saa, likizo na mshahara, na apeleke fedha zao NSSF kila mwezi.

Mlete Jumamosi saa nane, kabla hajaandika mtu. Karani atakuwa na mfano wa barua ya kazi, na mimi nitakuwapo. Na vijana atakaowaandika, waje naye.