Kuogopa Macho ya Watu Si Kiburi

Maelezo haya yalitolewa na muuguzi wa afya ya akili mbele ya wakazi waliohudhuria baraza la kuadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo huwa tarehe 10 Oktoba kila mwaka.

 

Kabla sijaendelea nina ombi moja. Ninyi mlioketi nyuma kabisa, karibu na lango, kaeni hapo hapo. Asiwaite mtu kuja mbele. Najua wapo waliofika mapema wakachagua kiti hicho makusudi, ili wasitazamwe na ili waweze kutoka bila kuonekana. Nakijua kiti hicho. Mimi nilikikalia miaka mingi.

Nilipokuwa kidato cha pili niliitwa kusoma tangazo mbele ya gwaride. Karatasi ilitetemeka mkononi, sauti ikakatika, wanafunzi wakacheka. Lilikuwa jambo la dakika mbili. Lakini tangu siku ile nilianza kukwepa. Sikuinua mkono darasani hata nilipojua jibu. Sikula mbele ya wenzangu. Miaka mingi baadaye baba yangu alifariki. Mimi ndiye kifungua mimba wake, na nilitakiwa kusoma wasifu wake siku ya mazishi. Nilijificha nyuma ya jiko la nje mpaka baba mdogo akausoma. Jamaa walisema kisomo kimenitia kiburi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naumwa na sikujua. Sikumuaga baba yangu, na nafasi ile hairudi.

Ndiyo maana leo nazungumzia hofu hii, ambayo wataalamu huiita wasiwasi wa kijamii. Tusiichanganye na haya. Haya tunafundishwa tangu utotoni, na ni sehemu ya adabu. Mtoto mwenye haya humwamkia mgeni kwa sauti ndogo, na baada ya nusu saa anacheza naye. Hofu ninayoisema haipoi hivyo. Mtu hukosa usingizi siku tatu kabla ya mkutano wa chama. Akifika, moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka, tumbo linamvuruga. Akirudi nyumbani anayarudia maneno yake usiku kucha, akijiuliza watu walimwonaje. Hali hiyo ikidumu miezi mingi na kumzuilia kazi, masomo au ujamaa, basi ni tatizo la afya. Mara nyingi huanza katika umri wa ujana.

Mwili una sababu yake. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo huamuru homoni ya adrenalini iingie kwenye damu, moyo ukapiga haraka, misuli ikapata nguvu ya kukimbia. Kwa mtu mwenye hofu hii, dirisha la karani au kipaza sauti huamsha mwili vile vile, kana kwamba ameona nyoka. Hajifanyi, wala hajarogwa.

Wala hayuko peke yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi ya aina mbalimbali. Shirika hilo linasema ni takribani mmoja tu kati ya wanne wenye matatizo hayo anayepata matibabu.

Sasa tuangalie hasara yake hapa kwetu. Namjua mama aliyejaza fomu ya basari ya mwanawe vizuri kabisa. Alikwenda ofisini mara tatu, akakuta foleni ndefu na karani mwenye sauti kali, akarudi nayo nyumbani. Tarehe ikapita. Namjua kijana fundi wa umeme aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi, akazima simu siku hiyo. Wapo wagonjwa wa presha wasiorudi kliniki kwa sababu hawataki kusikia majina yao yakiitwa mbele ya watu.

Maisha ya siku hizi yameongeza mzigo. Kuna kundi la WhatsApp la familia, la wazazi wa shule, la mchango wa mazishi, na asiyechanga anajulikana kwa kukosekana kwenye orodha. Mtu anakopa kwa simu ili achange. Siku ya kulipa inafika, hana. Anaanza kukwepa simu, kisha anakwepa watu, mwisho anakwepa hata njia ya dukani. Hivyo ndivyo msongo wa mawazo na hofu ya watu vinavyolishana.

Ndugu zangu, neno kubwa ninalotaka mwende nalo nyumbani ni hili: kukwepa ndiko kunakoilisha hofu. Ukikwepa mkutano leo unapata nafuu ya saa moja, lakini mkutano ujao utakuogopesha zaidi, kwa maana hukupata nafasi ya kuona kwamba ungeumaliza salama.

Dawa yake ni kurudi kidogo kidogo. Andika mambo matano unayoyaogopa, kuanzia lililo jepesi hadi lililo zito. Jepesi huenda likawa kumuuliza mwenye duka bei ya sukari. La pili, kumsalimia jirani na kusimama naye dakika moja. La tatu, kuuliza swali moja kwenye chama. Anza na la kwanza na ulirudie mpaka likuchoshe, ndipo upande la pili. Usianze na kipaza sauti.

Ukiwa hapo na moyo unaanza kwenda mbio, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe kwa mdomo polepole zaidi. Rudia mara kadhaa. Halafu peleka macho na masikio kwa anayezungumza nawe, uache kujichunguza. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Wengi hawaioni.

Kuhusu deni la simu, mpigie anayekudai kabla hajakupigia, na umweleze mtu mmoja unayemwamini nyumbani. Deni linalojulikana na watu wawili ni jepesi kulibeba.

Vijana, nisikilizeni. Muguka haukupi ujasiri. Unaharakisha moyo ambao tayari unakwenda mbio, na unakunyima usingizi. Mnazi na pombe hutuliza jioni, lakini asubuhi wasiwasi unarudi, na safari hii umekuja na deni la kilabuni.

Wazazi na walimu, msimlazimishe mtoto kuimba mbele ya wageni, wala msimcheke anapokwama. Mpe kazi ndogo, akiimaliza mpongeze. Kumwambia mtu "acha woga" hakujamponya yeyote.

Ikiwa hofu imekushinda, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati iliyo karibu uulize huduma ya afya ya akili. Yapo matibabu ya mazungumzo na mshauri, na daktari akiona inafaa zipo dawa. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizi, kwa hiyo unapouliza huombi fadhila. Kama mawazo yamefika mahali unataka kujidhuru, usingoje kupambazuke. Mwambie aliye karibu nawe, au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Simu hiyo hailipishwi.

Jambo la mwisho linatuhusu sote. Katiba ya mwaka 2010 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mambo ya fedha za umma. Lakini tazameni vikao vyetu vya bajeti. Watu mia wamekaa, wanazungumza watano, na watano hao ndio wale wale wa mwaka jana. Pengine anayejua hasa ni kisima gani kimekauka amekaa nyuma kabisa na hatafungua mdomo. Maoni ya maandishi yanakubaliwa. Andika, tia jina lako, mkabidhi msimamizi. Nanyi viongozi mnaoendesha vikao, wagaweni watu katika vikundi vidogo kwanza, ndipo mwite wasemaji.

Nitakaa pale chini ya mwembe hadi saa kumi. Anayetaka kuniona hana haja ya kusimama mbele ya mtu. Apite tu kana kwamba anatafuta kivuli, nitamwelewa.