Matope ya Aspen na kodi ya chumba Arusha

 Najua saa hizi kila mtu anawaza ugali, kwa hiyo sitawachosha. Na mvua yenyewe mnaiona. Mimi nimekuja na viatu vingine kwenye mfuko.

Nianze na mji ulio mbali kidogo, halafu nitarudi hapa hapa kwetu. Unaitwa Aspen, uko Colorado, Marekani, kwenye milima ya Rocky, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu wake wa kudumu ni kama 7,000 tu. Zamani ulikuwa mji wa machimbo ya fedha. Mwaka 1893 bei ya fedha ikaanguka na mji ukafa nayo, nyumba zikabaki hazina mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja watu na biashara ya kuteleza kwenye theluji, na leo matajiri wa dunia nzima wanagombea kuwa na nyumba pale.

Sasa mwezi kama huu wa nne, kule wanauita msimu wa matope. Baridi inaisha lakini majira ya kuchipua hayajatulia. Asubuhi jua kali, theluji inayeyuka barabarani, jioni wingu linajaa na theluji inaanguka upya. Theluji iliyojaa milimani huwa inafika kilele karibu na mwezi huu wa Aprili, kisha inaanza kushuka maji kwenda mto Roaring Fork na mwishowe mto Colorado. Upepo ukileta vumbi la jangwani likatua juu ya ile theluji, inakuwa na weusi fulani, inanyonya jua na kuyeyuka upesi zaidi. Ikifika mwishoni mwa Aprili lifti za mlimani zinazimwa. Barabara ya juu, Independence Pass, iliyofungwa tangu mwanzo wa baridi, haifunguliwi mpaka karibu na mwisho wa Mei. Mikahawa mingi inafunga. Mgeni hakuna.

Weka nafsi yako pale. Wewe ni mpishi, au unatandika vitanda hotelini. Lifti zimezimwa, na kazi yako ya msimu imeisha. Na kama chumba kilikuja pamoja na kazi, chumba nacho kimekwenda.

Si mnaijua hiyo? Nani humu ana ndugu anayefanya kazi kwenye kambi za Serengeti? (Mikono.) Haya. Aprili na Mei kambi kibao zinafunga kwa ajili ya masika. Mpagazi wa Kilimanjaro naye anakaa nyumbani anahesabu siku. Lakini mwenye nyumba hana masika. Kodi ya miezi sita inadaiwa ile ile, mkupuo mmoja, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu.

Turudi Aspen. Wastani wa bei ya nyumba ya familia moja pale umeshapita dola milioni 10. Dola, jamani, sio shilingi. (Vicheko.) Nyingi ya nyumba hizo mwenyewe anakuja wiki chache kwa mwaka. Sasa anayemfagilia theluji mlangoni alale wapi?

Hapa ndipo nilipotaka mnisikilize. Mwaka 1989 wapiga kura wa Aspen walipitisha tozo ya asilimia 1 kwenye kila nyumba inayouzwa mjini, dola 100,000 za mwanzo zikisamehewa. Nyumba ya milioni 10 ikiuzwa, dola 99,000 zinaingia kwenye mfuko. Na mfuko huo ni wa nyumba za wafanyakazi. Hauendi kununua magari ya wakubwa. Leo mji na wilaya yake wana nyumba zaidi ya 3,000 za namna hiyo, za kupanga na za kununua. Ukitaka kuingia lazima uwe unafanya kazi pale pale, angalau saa 1,500 kwa mwaka, na uishi humo miezi tisa au zaidi. Ukija kuuza, bei haipandi kwa mapenzi yako, imewekewa kikomo. Waombaji ni wengi kuliko nyumba, kwa hiyo wanapigiwa bahati nasibu.

Miaka mitatu baadaye, 1992, Colorado ikabadilisha katiba yake na kuzuia tozo mpya za aina hiyo. Zilizokuwepo zikaachwa. Mji uliokuwa bado unaunda kamati, ukakuta mlango umefungwa! Nawaambia hivi kwa sababu najua na sisi tunavyopenda kamati.

Walioendelea wakatafuta njia nyingine. Mji wa Vail, tangu 2017, unamlipa mwenye nyumba ili akubali nyumba yake iandikwe kisheria kwamba atakaa humo mtu anayefanya kazi kwenye wilaya ile. Aspen wenyewe mwaka 2022 walipiga kura tena, wakaweka kodi kwenye nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache. Ya mtu anayeishi humo asilimia 5, ya mwekezaji au nyumba ya pili asilimia 10. Sehemu kubwa ya hela hiyo inarudi kwenye makazi.

Msitoke hapa mkasema Aspen ni peponi. Mtu alipata nyumba ya vyumba vitatu zamani, watoto wameondoka, kastaafu, vyumba viwili vitupu, na hajavunja sheria. Wakati huo huo kuna mfanyakazi analala Rifle, zaidi ya kilomita 100 bonde la chini, anaamka usiku kuwahi basi. Hilo hawajalipatia dawa.

Sasa sisi. Nyumba ikiuzwa Tanzania inalipiwa ushuru wa stempu, na ni asilimia 1 vile vile! Hela ile inaingia mfuko mkuu, na mpangaji wa Unga Ltd haioni tena. Kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Jumba la kigogo lenye bustani na geti la umeme, mradi halina ghorofa, linakatwa sawa na vyumba vyako viwili vya bati. Na anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Ukimwambia mwenye nyumba akurudishie kwenye kodi, anakuonyesha geti. Sheria ya kudhibiti kodi za pango tulikuwa nayo, ikafutwa 2005.

Juzi mzee mmoja wa chama chetu, namheshimu sana, aliniambia, “Mwanangu, mimi vyumba vyangu nimejenga kwa mkopo. Ukinipangia kodi nitalipaje benki?” Hoja yake ni ya kweli, na wenye nyumba wako wengi ndani ya chama hiki, wengine wamekaa humu. Ndiyo maana sipendekezi tupange bei. Napendekeza mawili: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi au isizidi mitatu, na ile asilimia 1 ya stempu kwa nyumba za bei kubwa ibaki halmashauri, kwenye mfuko wa makazi ya wafanyakazi. Mzee alinyamaza kidogo, akasema ya pili anaikubali, ya kwanza tuongee. Basi tutaongea.

Kabla ya hapo nahitaji takwimu zenu, maana tukienda mikono mitupu watatuchezea. Karatasi ziko kwa katibu pale mlangoni. Andika kata, kodi unayolipa, miezi uliyodaiwa kwa mkupuo, na dalali alichukua ngapi. Jina la mwenye nyumba usiandike. Zirudi kabla ya Jumamosi. Haya, maswali, na anayetaka kuanza asogee huku, hapo bati linavuja.